Saa ya Hadithi kwa Mtoto wa Mfanyakazi

Watu wengi, wakiulizwa maktaba ni nini, hujibu kwamba ni nyumba ya kimya ambamo vijana huketi kujitayarisha kwa mitihani. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu tu ya kweli. Maktaba ya umma ni mali ya umma wote, na katika umma huo wamo watoto ambao hawajajua bado kusoma, na wengine waliokwisha kuzijua herufi lakini hawajaonja utamu wa kitabu. Hao nao wana haki yao katika nyumba hiyo. Leo twapenda kusema habari za haki hiyo, na hasa juu ya jambo moja ambalo wengi hulidharau kwa kuwa ni la watoto: saa ya hadithi, pamoja na kazi za mikono zinazoandamana nayo, na jinsi ipasavyo kupangwa.

Yafaa tukumbuke kwanza tulikotoka. Zamani za ukoloni kitabu cha Kiswahili kilimfikia mwananchi kwa shida. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka masanduku ya vitabu sehemu mbalimbali za Tanganyika, na ilikuwa kazi njema kwa kadiri yake, lakini sanduku si maktaba. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1963 ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1975 ikatungwa sheria nyingine iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Msomaji azitazame tarehe hizo. Taifa lilikuwa changa, fedha zilikuwa haba, wakubwa wengi hawakujua kusoma; hata hivyo lilionekana jambo la lazima kuwa na nyumba ya vitabu isiyomwuliza mtu kabila lake wala mali yake.

Na katika kazi za nyumba hiyo, mtoto huja mbele. Tamko la UNESCO juu ya maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949, liliandikwa upya mwaka 1994 likataja kazi kumi na mbili za maktaba. Ya kwanza kabisa katika orodha hiyo ilikuwa kuwajengea watoto desturi ya kusoma tangu wangali wadogo na kuitia nguvu. Wazee wetu walilisema neno hilo zamani waliponena kwamba udongo uwahi ungali maji.

Lakini mtoto hafinyangwi kwa rafu zilizojaa vitabu. Mtoto ambaye hajasomewa kitabu hata siku moja, ukimwingiza katika chumba chenye vitabu elfu, atasimama mlangoni kama mgeni aliyefika arusini bila kualikwa. Hajui ashike kipi, wala kama anaruhusiwa kushika. Ni lazima yuko mtu wa kumshika mkono, na mkono huo ndio saa ya hadithi.

RATIBA YA BIBI

Yuko atakayetujibu hivi: "Hadithi ni jambo la nyumbani. Kila mtoto ana bibi yake. Maktaba ina haja gani ya kuingilia kazi ya wazee?" Neno hili lina uzito, nasi hatutalipita kwa haraka.

Tumtazame basi huyo bibi na kazi yake. Hakusimulia ovyo. Katika makabila yetu mengi ilikuwa ni mwiko kusimulia hadithi mchana, na mwenye kuuvunja mwiko aliogopeshwa kwa balaa. Sababu yake si ngumu kuiona: mchana ulikuwa wa jembe, wa mifugo na wa bahari. Kwa hiyo saa ilikuwa maalumu, nayo ni usiku baada ya chakula. Mahali palikuwa maalumu, pale penye moto au barazani penye mkeka. Palikuwa na mlango wa kuingilia: msimulizi alisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", na tangu hapo kila mmoja alijua kwamba maneno ya kawaida yamekwisha na hadithi imeanza. Katikati ya hadithi palikuwa na wimbo ili watoto waitikie wasisinzie. Mwisho ulikuwa na maneno yake pia, kisha watu wakaenda kulala.

Tena mikono haikuwa mitupu. Bibi wa pwani alisimulia huku akisuka ukili. Bibi wa bara alisimulia huku akipukuchua mahindi au kuchambua maharage, na watoto wakimsaidia. Mtoto aliondoka pale na hadithi kichwani na ujuzi vidoleni. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kuunganisha hadithi na kazi za mikono ni mtindo uliotoka ng'ambo wamekosea. Ni mtindo wetu wa zamani, nao ulikuwa na ratiba kamili ijapokuwa haikuandikwa.

Sasa tuulize: bibi huyo yuko wapi leo? Kwa mtoto wa mfanyakazi wa mjini, mara nyingi yuko kijijini, safari ya siku nzima kwa basi. Baba ameamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu yake bandarini au kiwandani. Mama yuko sokoni, au yuko katika nyumba ya watu akilea watoto wa watu. Jioni wote wawili hurudi wamechoka, na chumba ni kimoja. Mtoto hubaki na televisheni ya jirani au simu ya mkononi. Hatuvilaani vyombo hivyo, maana vina faida yake. Lakini televisheni haimngojei mtoto aulize swali, wala simu haijui kwamba leo ana huzuni. Msimulizi huyajua yote mawili kwa kumtazama usoni.

Maktaba haimnyang'anyi bibi kazi yake. Inaiokota kazi hiyo mahali ilipoangukia njiani, kati ya kijiji na mji.

WALIOTANGULIA

Mji mkubwa huwafanyia watoto wa wafanyakazi jambo lile lile kila mahali, kwa hiyo si vibaya kutazama jinsi wengine walivyoshindana nalo. Twachagua mji wa New York, kwa sababu mitaa tutakayoitaja ilikuwa mitaa ya maskini na ya watu wenye kudharauliwa.

Mwaka 1921 mwanamke mmoja wa kisiwa cha Puerto Rico, Pura Belpré, aliajiriwa katika maktaba ya umma ya mji huo. Watu wa kwao walikuwa wakihamia New York kwa wingi kutafuta kazi, nao wakadhani kwamba maktaba ni nyumba ya wasemao Kiingereza tu. Belpré aliwasimulia watoto hadithi za kwao kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Hadithi ya mende na panya aliyokuwa ameisikia nyumbani hakuikuta katika kitabu chochote rafuni, basi akaiandika mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1932. Aliwatumia wanasesere ili watoto waone kwa macho yale waliyoyasikia. Wazazi waliokuwa wakipita mbele ya maktaba bila kugeuza shingo wakaanza kuingia, wakiongozwa na watoto wao.

Mwaka 1937 mwanamke Mweusi, Augusta Baker, aliingia kazini katika tawi la mtaa wa Harlem. Alivipekua vitabu vya watoto akaona kwamba mtu Mweusi ndani yake ni wa kuchekwa, au hayumo kabisa. Hakuridhika kuwasomea watoto wa Harlem vitabu vya kuwatukana. Akaanza kukusanya vile vilivyowaonyesha watu wake kwa heshima, na kufika mwaka 1939 ulikuwako mkusanyo maalumu. Mwaka 1961 alifanywa mkuu wa kazi za watoto katika matawi yote ya maktaba hiyo. Msimulizi wa hadithi alipanda ngazi mpaka juu kwa kazi ambayo wengine waliiona kuwa ya kuchezea.

Wanawake hao wawili watufundisha mambo mawili. La kwanza, mtoto asimuliwe kwa lugha aijuayo vema. La pili, mtoto ajikute mwenyewe ndani ya hadithi, na watu wake wawe humo watu wenye akili na fahari. Sisi tuna bahati ya lugha moja iwakutanishayo watoto wa makabila zaidi ya mia, na tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutolewa kwa vitabu vya Kiswahili vya watoto. Hatuna udhuru wa kusema kwamba hakuna cha kusoma.

Jirani zetu wa Nairobi nao wana somo. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1962 ikawekwa mikononi mwa halmashauri ya jiji. Nguzo zake ni nzuri, lakini nguzo haziwaiti watoto. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipojitwika kazi ya kuifufua maktaba hiyo, halikuishia katika jengo kubwa la katikati ya mji. Liliyatengeneza pia matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya Eastlands wanakokaa wafanyakazi. Hapo ndipo penye watoto, basi hapo ndipo ilipopasa kazi ifanyike.

SIKU NA SAA

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe, maana nia njema isiyo na mpango ni moshi.

Jambo la kwanza ni siku na saa. Programu ya watoto ikiwekwa Jumatano saa tatu asubuhi, imewekwa kwa ajili ya picha za wageni, kwa kuwa saa hiyo watoto wako shuleni na wazazi wako kazini. Ikiwekwa jioni, itagongana na madrasa na twisheni. Ikiwekwa Jumapili asubuhi, itagongana na kanisa. Kwa hiyo mkutubi asikae ofisini akaandika saa impendezayo yeye. Aende shuleni, msikitini, kanisani na kwa mjumbe wa mtaa, aulize watoto wana nafasi lini. Mahali pengi ataambiwa ni Jumamosi, tuseme saa nne asubuhi, baada ya kazi ndogo za nyumbani na kabla ya jua kuwa kali.

Saa ikiisha kuwekwa, isihamishwe. Mtoto aliyetembea maili mbili akakuta mlango umefungwa, hatarudi tena, na atawaambia wenzake. Hapa twataka kusema waziwazi juu ya ugonjwa mmoja tunaoufahamu sote. Huandaliwa sherehe moja kubwa ya vitabu. Hutundikwa kitambaa chenye maandishi, hugawiwa fulana, hotuba husomwa, watoto hupangwa mistari na kupigwa picha. Kesho yake chumba cha watoto hufungwa kwa kufuli mpaka mwaka mwingine. Saa moja kila juma ni saa 52 kwa mwaka. Twaziona saa hizo 52 bila fulana kuwa bora kuliko sherehe kumi zenye fulana.

Pia kuna nauli. Mtoto wa mtaa wa mbali hawezi kulipa daladala kwenda na kurudi kila juma, na mwenye watoto watatu hulipa mara tatu. Basi pale ambapo mtoto hawezi kuifuata maktaba, maktaba imfuate mtoto. Idara ya maktaba ya Kenya ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ikiwa ngamia aliweza jangwani, baiskeli yenye sanduku yaweza kufika Mbagala na Manzese. Mkeka chini ya mwembe, sanduku la vitabu 40 na msimulizi mmoja, hiyo ni saa ya hadithi iliyokamilika.

MSIMULIZI NA HADITHI YAKE

Jambo la pili ni msimulizi. Asiwe mtu aliyeokotwa dakika ile kwa sababu ana nafasi. Hadithi isomwe mara tatu kabla ya siku yake: mara ya kwanza kuielewa, mara ya pili kutafuta mahali pa kupaza na pa kushusha sauti, mara ya tatu kwa sauti mbele ya mtu. Maneno magumu ayajue mapema. Ikiwa atasoma katika kitabu, akishike kitabu kikiwatazama watoto ili waione picha, na asome polepole.

Tuchukue mfano. Edward Steere, mmishenari aliyekuja kuwa askofu, alichapisha mjini London mwaka 1870 kitabu cha hadithi alizozipata Unguja, na mojawapo ni kisa cha Punda wa Dobi. Kima na papa wanafanya urafiki penye mkuyu. Kima humtupia papa matunda. Siku moja papa anamchukua kima mgongoni kwenda kwao, na katikati ya bahari anamfunulia siri kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha juu ya mti, basi warudi kuuchukua. Akiisha kufika mtini hashuki tena, na papa akimwita, anamsimulia habari za punda aliyedanganywa na sungura akaenda kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akadanganywa tena akarudi, akauawa. Sungura akaula moyo na masikio, na alipoulizwa viko wapi alijibu kwamba punda huyo hakuwa navyo, maana angalikuwa na moyo na masikio asingalirudi mara ya pili.

Mpangaji mwenye akili ataona mara moja kwamba hizi ni hadithi mbili, moja ndani ya nyingine, na kwamba mtoto wa miaka sita atapotea akipewa zote kwa siku moja. Basi Jumamosi ya kwanza ni ya kima na papa, na Jumamosi ya pili ni ya punda. Watoto watarudi ili wajue kima alisema nini. Kila Jumamosi iwe na maswali machache yasiyo ya mtihani. Kwa nini kima hakulia wala hakupigana? Kwa nini punda alirudi? Mtoto aliyejibu swali la pili kwa maneno yake mwenyewe amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapoletewa mkataba autie sahihi.

Umri nao utazamwe. Walio chini ya miaka sita hawawezi kutulia zaidi ya dakika 20 au 30, nao wahitaji nyimbo na kupiga makofi. Wa miaka saba hadi kumi waweza saa nzima. Wakubwa zaidi wapewe kazi ya kuwasomea wadogo, maana mtoto mkubwa akikaa bure huwa mchokozi, na akipewa cheo huwa mlinzi. Tusimsahau msichana ajaye na mdogo wake mgongoni. Mahali pengine hurudishwa mlangoni kwa kuambiwa kwamba mtoto mchanga atalia. Huyo hasa ndiye tunayemngojea. Akirudishwa leo, hatapata saa nyingine.

MIKONO IFUATE HADITHI

Jambo la tatu ni kazi za mikono. Sheria yake ni moja: kazi itoke katika hadithi. Kuwapa watoto karatasi na rangi ili wakae kimya ni kupoteza karatasi na rangi. Katika kisa chetu, Jumamosi ya kwanza watoto watengeneze kima kwa soksi kuukuu na papa kwa karatasi ya kaki. Tawi kavu lisimamishwe katika kopo la mchanga liwe mkuyu. Kila mtoto akate moyo kwa kitambaa chekundu, aandike jina lake juu yake, autundike mtini. Asiyejua kuandika jina lake atafundishwa hapo hapo na mwenziwe, na hatalisahau, kwa sababu ameliandika juu ya moyo. Kisha wanasesere wavaliwe mikononi na watoto wenyewe waisimulie hadithi upya. Wavulana na wasichana washike sindano na mkasi sawasawa.

Saa moja yaweza kugawanywa hivi: dakika 5 za salamu na wimbo, 15 za hadithi, 5 za maswali, 25 za kazi za mikono, na 10 za mwisho za kuchagua vitabu. Dakika hizo kumi zisiliwe na jambo lingine lolote. Vitabu vinavyohusiana na hadithi ya siku ile, vya wanyama, vya bahari, vya misitu, viwe vimepangwa juu ya meza tangu mapema, nyuso zikitazama juu, na mtoto aondoke na kimoja mkononi. Saa ya hadithi isiyompeleka mtoto rafuni ni tamasha. Wala ada ya uanachama isiwe ukuta kati ya mtoto na kitabu hicho.

Watatuambia, "Vifaa vyataka fedha." Vichache vyataka fedha, navyo ni mikasi, kalamu za rangi na karatasi za manila. Vingine vyote vyatupwa kila siku katika miji yetu. Mafundi cherehani wa Kariakoo hufagia vipande vya vitambaa jioni. Mafundi seremala wa Keko wana mabaki ya mbao. Gundi hupikwa kwa unga wa ngano na maji. Vizibo vya soda, vifuu, maboksi, mabua na waya, watoto wetu wamekuwa wakivitengenezea magari tangu hapo bila kufundishwa na mtu.

Tena mafundi wenyewe na waje. Mvuvi wa Feri aje siku ya hadithi ya bahari, awaonyeshe watoto jinsi ya kufunga fundo la wavu. Dobi aje siku ya punda wake. Mfinyanzi aje na udongo. Mtoto aone kwamba kazi ya mikono ya baba yake na mama yake yastahili kuwekwa chumba kimoja na vitabu. Shule nyingi zimemfundisha mtoto, bila kukusudia, kwamba kitabu ni njia ya kuikimbia kazi ya mzazi wake. Maktaba yaweza kumfundisha kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu.

MATETO

Wapo wanaoteta kwamba watoto hupiga kelele na kuwaudhi wasomaji. Ni kweli hupiga kelele. Basi wapewe chumba chao, au baraza, au kivuli cha uani, na saa ijulikane na kubandikwa mlangoni ili mwenye mtihani ajipange.

Wapo wanaoteta kwamba watoto huchana vitabu. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimekufa kifo cha heshima kuliko kilicholiwa na mchwa katika kabati lililofungwa. Hata hivyo uangalifu hufundishwa. Mara moja kwa mwezi kazi ya mikono iwe ni kutibu vitabu, kwa gundi, uzi na jalada jipya. Mtoto aliyekishona kitabu kwa mkono wake hatakichana, na hatamruhusu mwenzake akichane.

Wapo wanaoteta kwamba watumishi ni wachache. Hilo ni kweli zaidi, na serikali na halmashauri hazina budi kulisikia. Lakini mwalimu aliyestaafu, mwanachuo aliye likizoni na mama mwenye sauti nzuri waweza kufundishwa kwa siku chache. Tahadhari ni hii tu, wala isichukuliwe kuwa ndogo: watu wazima wawe wawili daima, mlango uwe wazi, kila mtoto aandikwe anapoingia na anapotoka, na anayejitolea ajulikane mtaani kwake kwa tabia njema. Tumepewa watoto wa watu, nasi tutaulizwa.

Mwisho wa yote kuna hesabu. Mkutubi awe na daftari la mistari minne: jina la mtoto, mtaa atokao, siku alizofika, vitabu alivyoazima. Baada ya miezi mitatu alifungue daftari hilo na kuusoma mstari wa mitaa kwanza. Akiona kwamba wote wanatoka katika nyumba zenye magari na rafu za vitabu, ajue kwamba mpango umekwenda kombo, hata kama chumba kimejaa na wageni wamesifu. Hao nao wakaribishwe, maana ni watoto wetu. Lakini wangepata hadithi hata bila sisi. Akiona majina ya watoto wa kuli, wa mama lishe, wa mlinzi wa usiku, wa kondakta, ajue kwamba kazi imeanza.

WAJIBU WETU

Ndugu msomaji, jambo hili haliwezi kuachwa mikononi mwa wakutubi peke yao. Katika tawi lako na katika chama chako cha wafanyakazi, uliza: maktaba iliyo karibu nasi ina saa ya hadithi? Ni siku gani? Chumba cha watoto kiko wazi au kimefungwa? Kama hakuna maktaba karibu, kuna ukumbi wetu wa mikutano ambao Jumamosi asubuhi hukaa mtupu na viti vyake. Mpeleke mtoto wako, na siku ya mapumziko keti naye umsikilize. Kama wewe ni fundi, peleka mabaki ya karakana yako. Kama wajua hadithi ya kwenu, nenda ukaisimulie kabla hujaisahau, kwa kuwa mzee afapo bila kusimulia, maktaba nzima huzikwa pamoja naye.

Wako waliopigania kufunguliwa kwa milango ya nyumba hizi, nao walikuwa watu ambao wengi wao hawakusomewa kitabu utotoni. Waliifungua kwa ajili ya watoto ambao hawatawaona. Watoto hao ndio hawa, wenye miaka sita na saba, wanaocheza mbele ya nyumba zetu Jumamosi saa nne asubuhi. Mkeka upo, hadithi zipo, na mabaki ya vitambaa yanafagiwa kila jioni. Kinachotakiwa ni mtu wa kuipanga saa na kuilinda, juma kwa juma, mpaka iwe desturi.